Macho ya Mayu Mbele ya Flashi

Kwanza niseme jambo moja tusije tukasumbuana huko mbele: flashi haina uchawi. Nimefanya kazi na mwanga miaka kumi na mbili, najua unatoka wapi, unakaa muda gani na unaishia wapi. Ukitaka kunibishia, njoo studio kwangu Somanda, hapa mjini Bariadi, nikukalishe kwenye kigoda nikuoneshe. Kama umekuja kubisha tu bila kutazama, pita, wateja wananisubiri.

Mjini hapa wananijua kama mama wa picha za pasipoti na harusi. Sikuanzia huko. Nilianza na wadudu. Nilipomaliza chuo niliajiriwa kwenye mradi wa utafiti wa pamba, kazi yangu ikawa kuwapiga picha waharibifu: chawa jani, funza wa vitumba, na yule nondo anayetaga mayai yanayotoa funza huyo. Watafiti walitaka kujua nondo anavyotua kwenye jani, miguu inatangulia upande gani, mabawa yanafungwa lini. Jicho la binadamu haliwezi kazi hiyo. Nondo akiruka unaona ukungu tu, na kamera ikiachwa peke yake inaona ukungu huohuo.

Kinachoweza ni mwanga. Ndani ya flashi kuna bomba dogo la kioo lenye gesi ya zenoni, na nyuma yake kuna kapasita inayokusanya umeme taratibu kisha kuuachia wote kwa mpigo mmoja. Ukiipunguza nguvu, mwanga wake unazidi kuwa mfupi. Chukua sekunde moja uikate vipande elfu ishirini, utupe vyote ubaki na kimoja: humo ndimo tulimokuwa tunafanyia kazi. Chumba kinakuwa giza, kamera inaachwa wazi, nondo anakatiza mbele ya kihisi, kile kifaa kinachoamrisha flashi, flashi inapiga, basi. Bawa limesimama hewani, unahesabu hadi magamba yake. Siku nilipoona picha yangu ya kwanza ya namna hiyo nilipiga ukelele, mkuu wangu akaja mbio akidhani nimenaswa na umeme. Nilikuwa nimefurahi tu. Sijawahi kuwa mtu wa kufurahi kimyakimya.

Kwa mayai na funza wadogo tulitumia flashi nyingine, ya duara. Hiyo inavalishwa mbele ya lenzi, mwanga unazunguka lenzi yote, kwa hiyo ukimsogelea mdudu hakuna kivuli. Mradi ulipofungwa, vifaa vilivyochakaa tuligawiwa wafanyakazi kama kiinua mgongo. Wenzangu waligombania viti na meza. Mimi niliondoka na flashi mbili, ile ya kawaida na ile ya duara, na lenzi moja ya wadudu yenye mkwaruzo pembeni. Nikafungua studio.

Sasa kosa. Nitalieleza mwenyewe, maana nimeshachoka kusikia likielezwa na watu ambao hawakuwepo.

Mwaka jana, pamba ikiwa imeanza kufunga vitumba, afisa ugani aliniomba picha za funza za kubandika kwenye mbao za matangazo. Nikaenda kwa mama, upande wa Kasoli, shambani kwake. Mama ni mjane, ana ekari zake tatu za pamba na kipande cha mpunga, na anazilima. Nyumbani tunamwita Mayu, ndivyo Kisukuma kinavyomwita mama. Nilizunguka shambani asubuhi nzima nikiinamia vitumba, flashi ya duara ikiwa mbele ya lenzi. Saa saba jua lilinishinda, nikaingia jikoni kwake kunywa maji. Jiko la Mayu halina dirisha. Alikuwa amechuchumaa anachochea moto, akainua uso akanicheka nilivyojaa vumbi. Nikasema, "Mayu, hapo hapo!" nikabonyeza.

Mtu yeyote aliyesoma somo la kwanza la mwanga anajua kitakachotokea. Gizani mboni ya jicho inafunguka. Mwanga ukitokea karibu kabisa na lenzi, unaingia kwenye jicho, unafika nyuma ambako kuna mishipa ya damu, unarudi moja kwa moja kwenye kamera ukiwa mwekundu. Flashi ya duara ndiyo mbaya kuliko zote kwa jambo hilo, kwa sababu imeikumbatia lenzi. Picha ilitoka nzuri ajabu. Meno ya Mayu, kilemba chake, moshi umesimama, na macho mawili yanawaka kama makaa.

Niliona. Sisemi sikuona. Niliona, nikacheka, nikaihamishia kwenye simu, nikaitupa kwenye kundi la familia nikiwa nimeandika: "Mayu leo anawaka!" Nikaweka na vikatuni vya kucheka.

Miaka kumi nilikaa na watu wanaojadili jicho la mdudu kwenye chai ya saa nne. Nikasahau nilikozaliwa. Kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu si jambo la kucheka. Wameuawa wanawake kwa sababu hiyo, wanawake ambao wamepika maisha yao yote kwa kinyesi cha ng'ombe na miti ya pamba kwa kuwa kuni zimekwisha, moshi ukawala macho, kisha jirani akafiwa na kitu akaanza kutazama macho ya watu. Mimi mtoto wa Kisukuma, mwenye akili zangu timamu, ndiye niliyempiga mama yangu picha ya namna hiyo na kuisambaza. Mdomo uliponza kichwa, ndiyo, lakini kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu.

Wiki tatu sikujua lolote. Kila nikipiga simu namuuliza, "Mayu, mhola?" anajibu, "Mhola duhu," shwari tu. Sauti yake ilikuwa imepungua kidogo, nikadhani mtandao.

Aliyeniambia ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye mji wake umepakana na wa Mayu. Alinipigia mchana nikiwa na bibi harusi kwenye kigoda.

"Njoo umchukue mama yako," akasema. "Akae na wewe huko mjini. Huku hapamfai tena."

"Amefanya nini?"

"Mimi sisemi amefanya. Watu wanasema. Jirani amefiwa na ndama wawili, amekwenda kwa mganga, ameambiwa atazame mtu ambaye macho yake yameonekana. Na wewe mwenyewe ulituonesha. Picha kila mtu anayo kwenye simu."

"Na shamba?"

"Shamba lipo. Litatunzwa."

Ee! Nilimwacha bibi harusi na shela lake palepale kwenye kigoda. Sijui hata nilimwambia nini. Nilichukua bodaboda hadi kwa Mayu, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, dereva akawa anageuka kunitazama nikamwambia atazame barabara.

Nilimkuta anapepeta mchele uani. Hakuacha. Alinisalimia kama kila siku, mwadila, salamu yetu ya mchana, nikaitikia, akaniletea kiti. Ndipo nikaanza kuona. Jiko lilikuwa baridi saa ya kupika. Kiberiti kilimwishia juzi yake, akaenda kuomba moto kwa jirani huyohuyo aliyefiwa na ndama, kama walivyoombana miaka thelathini, na yule mwanamke akayafukia makaa majivuni mbele ya macho yake bila kusema neno. Kwetu mtu akinyimwa moto ameshatengwa, hakuna haja ya kutangaza. Salamu hapati. Kisimani akifika, waliotangulia wanakumbuka kwamba wana safari. Kanisani benchi lake lilibaki wazi pande zote mbili. Na picha ilikuwa imetoka kwenye simu ya baba mdogo ikazunguka kitongoji kizima. Haya yote nilimkamua neno kwa neno, yeye mwenyewe alikuwa anataka tuzungumzie mchele.

"Funga vitu vyako," nikamwambia. "Tunaondoka leo hii."

"Siendi."

"Mayu, unajua watu wa hivi wanaishia wapi?"

"Najua kuliko wewe. Nimemzika mmoja." Akaweka ungo chini. "Nikiondoka nimekiri. Na nikiondoka, watachagua mwingine. Mimi nyumba yangu ni hii, mume wangu amelala pale. Wewe ndiye uliyewasha, wewe zima. Siendi."

Nikasema sawa. Nilikasirika, nikaona aibu, na ndani ya aibu ile nilijivunia, sijui kama vitu vitatu hivyo vinaweza kukaa kifuani pamoja lakini vilikaa. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ni mtu mwema, tatizo lake anaogopa kila upande. Alinieleza kwamba ametoa taarifa, kwamba ramli chonganishi ni kosa kisheria, kwamba ameshaonya. Nikamwuliza ameonya nani. Akarudia kwamba ametoa taarifa.

"Itisha mkutano," nikasema. "Kesho, mchana kweupe, kwenye ghala la pamba. Waje wote. Mwenye ndama aje, baba mdogo aje, mama yangu atakuja. Usipoitisha, nitazunguka nyumba kwa nyumba na kamera yangu mwenyewe."

"Mama, watu wana hasira."

"Na mimi je? Unaniona nacheka?"

Akaitisha.

Nilirudi Somanda kulala na kuchaji betri, kesho yake saa saba nikarudi na mkoba wangu, flashi zote mbili na laptopu. Ghala lilikuwa tupu, msimu wa kuuza ulikuwa bado, linanuka mbegu za pamba na dawa ya panya. Lina milango mikubwa ya bati mbele na nyuma. Watu walijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma, na katikati ya wanawake duara la sakafu tupu ambalo Mayu alikuwa amekaa peke yake juu ya kanga, miguu ameinyoosha. Alikuwa amevaa kilemba kilekile. Nadhani alikivaa kwa makusudi.

Sikuanza na salamu ndefu. Nikasema, "Picha mliyonayo kwenye simu niliipiga mimi. Kosa la kwanza ni langu na mama yangu sijamwomba radhi vya kutosha. Lakini mnasema macho yale ni ya mchawi. Haya. Fungeni milango."

Mnong'ono ukapita. Mwenyekiti akaashiria, milango ikafungwa, ghala likawa kama jiko la Mayu. Nikavalisha flashi ya duara kwenye lenzi. Inapojichaji inatoa mlio mwembamba, na mlio huo watu hawakuupenda. Nikageuza kamera, nikanyoosha mkono, nikajipiga mwenyewe kwanza. Nikaweka picha kwenye laptopu, nikaigeuza wote waone. Macho yangu yalikuwa mekundu kuliko ya mama.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka!" mtu akasema nyuma.

Nilitegemea hilo. "Mwenyekiti," nikasema, "njoo."

Maskini mwenyekiti. Alitazama mlango, lakini ulikuwa umefungwa kwa amri yake. Akaja, akasimama wima kama anakula kiapo, nikampiga. Macho mekundu. Ghala likaguna. Nikampiga katekista wetu, mekundu. Nikampiga mke wa jirani, yule wa kufukia makaa, akalia kabla hata hajaiona picha. Mekundu. Nikaendelea, sasa nilikuwa nimepata moto, nawaita kwa vidole, wewe, na wewe, na wewe mwenye shati la njano, na kila uso uliotokea kwenye laptopu ulikuwa na macho yanayowaka.

Nilidhani nimeshinda. Lo! Kumbe nimechochea. Sauti ikatoka pembeni, "Hiyo mashine ndiyo inayotuloga! Anatuingizia!" Watu wakaanza kusukumana kuelekea mlangoni, mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kanga. Elimu yangu yote ya mwanga ikawa haina kazi. Ningewaeleza mishipa ya damu mpaka jua lizame, wasingesikia.

Aliyeniokoa ni mtu ambaye sikumtegemea kabisa, mwenye ndama mwenyewe. Ni mfugaji, mtu wa maneno machache, alikuwa amekaa juu ya mzani wa kupimia pamba tangu mwanzo. Akasimama.

"Ngojeni," akasema. "Mimi ng'ombe akipotea naenda na tochi. Tochi nikiishika chini kiunoni, sioni kitu. Nikiiweka hapa," akagusa pembeni ya jicho lake, "macho ya ng'ombe yanawaka hata akiwa mbali. Ng'ombe hana uchawi. Nimeweka tochi karibu na jicho langu, basi." Akanigeukia. "Hiyo taa yako ukiitoa kwenye hilo jicho la kamera ukaiweka mbali, itakuwaje?"

Ningemkumbatia mbele ya mke wake. Nilivua ile ya duara, nikachukua flashi ya kawaida, nikampa mwenyekiti aishike juu, hatua mbili pembeni yangu. Nikamwita Mayu. Akanyanyuka polepole, magoti yake si mazuri, akaja akasimama, akavuta kilemba nyuma ili uso wote uonekane. Nikabonyeza. Picha ikatoka: mama mtu mzima wa Kisukuma, mboni nyeusi tii, weupe wa macho umeingiwa na wekundu kidogo wa moshi kama wa kila mwanamke aliyekuwa ndani ya ghala lile. Nikampa katekista flashi aishike, nikampiga mwenyekiti hivyohivyo, na mke wa jirani. Meusi. Nikarudisha ya duara. Mekundu.

"Wekundu ule ni damu," nikasema. "Damu yako mwenyewe, nyuma ya jicho. Kama jicho lako ni zima na mwanga umepita sawasawa, lazima liwe jekundu. Jicho jekundu ni jicho zima!"

Nililitamka kwa sauti, kwa kiburi, na sikujua nilikuwa nasema nini.

Watu walianza kucheka, kicheko cha watu waliotoka kwenye hofu, wakawa sasa wanataka kupigwa. Kila mtu anataka kujiona. Mtu akasema, "Na baba yako mdogo je? Mbona amejificha?" Alikuwa karibu na mlango wa nyuma, kofia usoni. Alikataa. Wakamvuta kwa utani, wakamvua kofia, na mimi, nasema ukweli, nilimtaka sana mbele ya lenzi yangu. Nilitaka aone macho yake mekundu mbele ya kitongoji kizima, halafu nimwulize kuhusu shamba.

Nikampiga. Nikaiweka picha.

Jicho la kulia lilikuwa jekundu. La kushoto halikuwa jekundu. Lilikuwa na kitu cheupe kimekaa katikati ya mboni, cheupe cha maziwa yaliyoganda.

Kicheko kikakatika. Nilisikia bati la paa likilia kwa joto. Kisha mtu akasema pale mbele, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alisema jicho zima lazima liwe jekundu." Mwingine akasema, "Kumbe ni yeye." Na wale wanaume waliokuwa wakimvuta kwa utani hawakumwachia mikono, ila utani ulikuwa umekwisha. Walimshika sasa kwa namna nyingine. Baba mdogo alinitazama mimi. Hakuwatazama wao.

Nilijua ni mtoto wa jicho. Nilijua mara moja, nimesoma, na sentensi moja tu ingetosha. Sikuisema. Nilisimama na kamera mkononi, flashi inajichaji, nikasikia ndani yangu: acha. Acha na yeye aonje. Wiki tatu alizungusha picha ya mama yangu, alikuwa ameshalipigia hesabu shamba lake, na mwanga umemfunua mwenyewe, si mimi. Nilihesabu, kwa sababu kazi yangu ni kuhesabu muda. Pumzi moja. Ya pili. Mtu akafungua mlango wa nyuma, wakaanza kumsogeza. Pumzi ya tatu. Nilikuwa kimya.

"Mwacheni!"

Mayu. Sijawahi kumsikia akipaza sauti hivyo, hata siku ya msiba wa baba. Alipita katikati ya wanaume wale akiwasukuma kwa viwiko, akasimama kati yao na shemeji yake, akamshika kidevu kama mtoto, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlango.

"Huyu ni mgonjwa wa jicho. Hamna macho nyie? Mwaka mzima akimimina chai anamwaga nje ya kikombe. Mimi nimemwona. Kwenye msiba wa Kasoli alimpa mkono mtu aliyesimama kushoto kwake akaukosa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye ameficha kwa aibu. Leo mnataka kumfanyia nini? Kile mlichotaka kunifanyia mimi? Haya, anzeni na mimi, nipo."

Hakuna aliyeanza. Mwenye ndama akashuka kutoka kwenye mzani, akawaambia wamwachie, wakamwachia mkono mmoja kisha wa pili. Hapo ndipo nikapata ulimi wangu. Nikaeleza mtoto wa jicho ni nini, kwamba mwanga uliozuiliwa njiani hauwezi kurudi na wekundu, kwamba ni ugonjwa na unatibika. Nilieleza vizuri sana. Nilieleza kama mtaalamu.

Mkutano ukaisha bila kufungwa. Mke wa jirani alitangulia, na tulipofika nyumbani tulikuta ameacha makaa kwenye kigae mlangoni, yanawaka. Mayu aliyaingiza jikoni, akapika. Tulikula. Nilikuwa nangoja anipongeze, na nisifiche, nilikuwa nastahili kidogo. Alinawa mikono, akaifuta, ndipo akasema:

"Ulinyamaza."

"Lini?"

"Walipomshika. Ulikuwa unajua, ukanyamaza. Nilikuwa nakutazama wewe, sikuwa namtazama yeye."

"Mayu, alitaka ufe."

"Najua alichotaka. Nimelala nacho siku ishirini na moja humu ndani, peke yangu, mlango nimeuegemezea jembe. Ndiyo maana nakuuliza. Wengine pale walikuwa hawajui kitu. Wewe ulijua."

Mimi ni mtu wa majibu. Uliza yeyote Somanda. Jibu lililonijia lilikuwa hasira tu, nikamwambia nitafanya kila atakalosema isipokuwa kumsamehe yule mzee. Hilo sitafanya, nikamwambia, na hata padre aje.

"Sijakuambia umsamehe," akasema. "Nimekuambia ana jicho la kutibiwa."

Asubuhi nilipita kwa baba mdogo. Alikuwa ameshavaa, amekaa mlangoni, kofia mkononi, kama aliyeambiwa kwamba nitakuja. Hatukusalimiana. Nilimpandisha bodaboda, akakaa katikati, mimi nyuma yake nimemshika kiuno asianguke, maana upande wa kushoto alikuwa haoni mashimo yanakuja. Tukafika hospitalini Bariadi. Kwenye dirisha la usajili dada aliuliza mgonjwa ni nani wangu, na baba mdogo akanigeuzia uso wote, akitafuta kwa jicho lile moja nitasema nini.

"Baba yangu," nikasema. "Andika."